Mahali pa Hadithi

Watu wengi watungao hadithi hufikiri ya kuwa kazi yao ni kubuni watu na vitendo vyao tu, na kwamba habari za mahali ni pambo la kutiwa mwanzoni, kisha lisahauliwe. Ndiyo sababu hadithi nyingi huanza kwa ndege kuimba na upepo mwanana kuvuma, hata msomaji asijue kama yuko Kisumu au Lamu. Naye asipopaona mahali, ni shida kuwasadiki watu wakaao hapo.

Kila mahali pana kanuni zake, na wenyeji huzijua. Mwandishi akisema ya kuwa nahodha alitweka tanga Mombasa mwezi wa Januari kwenda Arabuni, upepo ukimsukuma kwa nyuma, mtu wa pwani atacheka. Maana kaskazi ndiyo iletayo majahazi kutoka huko, na kusi ndiyo iyarudishayo. Vile vile mkulima wa Trans Nzoia hatakubali kwamba mahindi yaliyopandwa Aprili yalivunwa Juni. Kosa ni dogo, lakini tangu hapo msomaji hatasadiki hata machozi ya mama aliyefiwa.

Makosa mengine hutoka katika vitabu vya shule. Huko Uingereza, wakati wa kiangazi, mwanga hukawia sana baada ya jua kuchwa. Huku kwetu karibu na Ikweta giza huingia upesi. Basi mwandishi aliyekopa jioni ya Kiingereza huwaacha wachumba wake wakizungumza bustanini saa nzima katika mwanga usiokuwapo.

Wala haifai kutaja kila mti na kila jiwe. Yatosha mambo machache, yaonwe kwa macho ya mtu wa hadithi. Kahawa ikichanua maua meupe baada ya mvua, mtoto husikia harufu nzuri, lakini baba mwenye deni huhesabu magunia. Shamba ni lile lile, ila msomaji amekwisha kuijua mioyo miwili.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake The River Between cha mwaka 1965, aliweka vilima viwili, Kameno na Makuyu, vikitazamana, na mto Honia ukipita katikati. Hivyo nchi yenyewe yaonyesha fitina ya watu kabla hawajagombana. Hata Shaaban Robert, alipobuni katika Kusadikika mwaka 1951 nchi inayoelea hewani, aliipa mipaka na serikali, ili msomaji apate pa kukanyaga.

Kwa hiyo, atakaye kutunga hadithi ya soko na aende sokoni asubuhi na jioni, atazame, asikilize, anuse, kisha aandike mambo matano ambayo mgeni asingeyajua. Mengine na ayaache. Mwenye macho haambiwi tazama.