Kabla hujanunua marumaru, muulize bibi

Masika ya mwaka jana mwanangu wa darasa la tatu aliniuliza swali lililoninyima usingizi: "Mama, kwa nini Bibi hanywi chai jioni?"

Sikuwa nimegundua. Mama yangu alihamia kwetu Moshono akitoka kijijini, huko juu mlimani Meru, baada ya magoti kuanza kumsumbua. Kila jioni alikuwa anapokea kikombe chake, anakishika mpaka kipoe, kisha anampa mjukuu amalizie. Nilipombana akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nikinywa nitaamka usiku. Na huko nje kunateleza."

Choo chetu kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini kutoka mlango wa jikoni. Kumbe alishaanguka mara moja na hakumwambia mtu. Mama yangu mzazi alikuwa anavumilia kiu ndani ya nyumba yangu kwa kuogopa njia ya chooni.

Wiki hiyohiyo mimi na Baba Nuru tukaamua kuongeza choo na bafu ndani. Mzazi mwenzangu, nakusimulia tulivyopanga na tulivyokosea, ili wewe usirudie.

Tulianzia mwisho

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilishuka mjini nikanunua marumaru nyeupe zinazong'aa kama kioo. Fundi alipokuja akaziangalia, akauliza: "Mama, shimo liko wapi?"

Nikamwonyesha shimo la choo cha zamani, kule nyuma. Kiwanja chetu kina mteremko, nyuma ni juu na getini ni chini. Bafu nililitaka mbele, kando ya sebule. Fundi akacheka: "Maji hayapandi mlima, mama."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba choo hupangwa kuanzia kule majitaka yanakokwenda. Kama mtaa wenu una bomba la majitaka la AUWSA, ulizia kwanza kama unaweza kuunganishwa. Kama halipo, utahitaji shimo lenye vyumba viwili, uchafu mzito utulie cha kwanza, maji yapite cha pili, halafu yaende kwenye shimo la kunyonya. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, mteremko wa bomba. Bomba la inchi 4 lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Likienda mita 8, mwisho wake uwe chini kwa sentimita 20. Likilala, litaziba. Kila linapopinda iwekwe chemba yenye mfuniko, ili likiziba usivunje sakafu.

Pili, gari la kunyonya majitaka. Shimo likijaa, gari litafika? Wengi tumechimba nyuma ya nyumba, kisha tukajenga vyumba vya kupangisha mbele, njia ikafa. Sisi tulichimba karibu na geti.

Tatu, visima. Kama wewe au jirani mnachota maji ya kunywa kisimani, kipimo kinachotumika sana ni shimo kukaa si chini ya mita 30 kutoka hapo.

Chimbeni miezi mikavu, Julai hadi Oktoba. Ukichimba wakati wa masika, kuta za shimo huporomoka na unalipa fundi mara mbili. Kabla ya jembe la kwanza, pitieni ofisi ya mtaa na halmashauri muulizie kibali cha ujenzi, maana kuongeza chumba mjini nako kunahitaji kibali.

Swali la mama

Fundi alipofunga kamba kuonyesha kuta zitakapopita, mama akatoka nje kutazama. Akauliza jambo moja tu: "Mlango utaangalia wapi?"

"Sebuleni, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mimi nitaendelea na kile cha nje."

Nilikasirika, nakiri. Tunajibana hivi kwa ajili yake, naye anakataa! Jioni ndipo aliponieleza. Sebuleni anakaa mkwe wake, anaangalia taarifa ya habari. Wageni wanakaa hapo. Yeye apite mbele yao usiku, amejifunga khanga, kila mtu ajue anakwenda wapi? Kwa heshima aliyolelewa nayo, bora ateleze.

Tungemaliza kujenga na kupaka rangi, halafu choo hicho asikitumie yule tuliyemjengea.

Tukafungua kamba. Bafu likahamia ubavuni, mlango ukatazama korido, karibu na chumba anacholala na wajukuu. Bomba likawa refu zaidi kufika getini, na gharama ikapanda. Tukaacha dari ya urembo, tukaacha na beseni la bei niliyokuwa nalitamani. Sijutii.

Tangu hapo hatukuamua jambo bila kumuuliza. Ndivyo tulivyofikia haya:

Mlango ufunguke kwa nje na uwe mpana, angalau sentimita 80. Mtu akianguka ndani, mlango unaofunguka kwa ndani unazuiwa na mwili wake, na msaada haufiki.

Sakafu iwe na marumaru za kukwaruza. Zile zangu zinazong'aa ziliishia kwenye ukuta wa jiko, ndipo mahali pake.

Choo kiwe cha kukaa, chenye bomba la chuma la kushikia ukutani. Kuchuchumaa kunamtesa mwenye magoti mabovu. Bomba hilo lifungwe kwenye tofali imara, maana mzee atalivuta kwa uzito wake wote.

Kizingiti kisiwepo, au kiwe kifupi sana. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, ili maji yasitoke koridoni.

Na watoto je?

Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu mnaijua, kila mtu anataka shawa ya umeme. Lakini maji na umeme havina urafiki. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na hakikisha waya wa ethi umefungwa kweli. Swichi ikae mbali na mkono uliolowa.

Ndoo ya maji isiachwe wazi sakafuni. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana. Komeo la ndani liwe linaloweza kufunguliwa kutoka nje.

Kuna pia suala la meno. Maji ya sehemu nyingi za Meru yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndiyo inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya utafiti wa miaka mingi wa kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Maji ya bomba yakiwa na floraidi, kuoga hakuna shida, ila watoto wadogo humeza wanaposukutua, na meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Sisi tuliweka rafu ndogo bafuni, na juu yake jagi la maji yaliyochujwa. Ni ubao mmoja tu, lakini usipoupanga mapema, mtoto atafungua bomba.

Jioni ya leo

Kama unafikiria kujenga, usianze na picha za mabafu kwenye simu. Kaa na watu wa nyumba yako, mkubwa kabisa na mdogo kabisa, uwaulize: usiku unaogopa nini? Nani hupendi akuone? Wapi ulishateleza ukanyamaza? Kisha tazama nani haombi maji jioni.

Bafu letu lilikamilika Septemba. Halina dari ya maana, na ukuta mmoja bado ni plasta tupu. Lakini Jumapili iliyopita, saa mbili usiku, mama alininyooshea kikombe akasema, "Niongeze kidogo."

Tukutane wiki ijayo.