Kifua Kikuu na Nasaba: Ukoo Usihukumiwe Bure

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki husikika maneno kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo. Babu alikohoa akafa, mwanawe akakohoa, na sasa mjukuu naye ameanza. Basi majirani hukata shauri kwamba nyumba ile ina maradhi yake. Maneno hayo yana madhara makubwa. Wapo wazazi wanaosita kuoza watoto wao katika nyumba kama hiyo, na mgonjwa mwenyewe hukificha kikohozi kwa kuogopa aibu itakayowapata ndugu zake wote. Wahenga walisema kwamba mficha ugonjwa kifo humuumbua. Katika kifua kikuu msiba huo haumfiki mfichaji peke yake, kwani wanaolala naye chumba kimoja huendelea kuvuta vijidudu vyake usiku kucha.

Dhana hiyo haikuzaliwa Afrika. Huko Ulaya, hadi katika karne ya 19, madaktari wengi waliamini kwamba kifua kikuu hurithiwa. Mnamo mwaka 1865 daktari Mfaransa, Jean-Antoine Villemin, alionyesha kwamba ugonjwa huo huambukiza, kwa kuwadunga sungura vitu vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu chenyewe. Tangu siku hiyo jambo moja halina shaka: pasipo kijidudu hapana kifua kikuu, hata kama ukoo mzima umepata kuugua.

Hata hivyo, swali moja lilibaki. Watu kumi wakivuta hewa ileile yenye vijidudu, mbona hawaugui wote? Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamepata kuambukizwa, lakini kati ya kila 100 walioambukizwa ni 5 hadi 10 tu wanaougua katika maisha yao. Waliobaki, miili yao hukizuia kijidudu kwa miaka mingi au hata milele. Sayansi ya leo inajibu kwamba sehemu ya tofauti hiyo imo katika jeni, yaani vile viini vya urithi ambavyo mtoto hupewa na wazazi wake. Jibu hilo ni la kweli. Lakini likifundishwa nusunusu laweza kuirudisha dhana ile ya kale, safari hii ikiwa imevikwa joho la sayansi. Kwa hiyo yapasa lifundishwe lote.

Kijidudu kikifika ndani ya mapafu humezwa na seli nyeupe ziitwazo makrofaji, yaani seli walaji, ambazo kazi yake ni kumeza na kuua. Lakini kijidudu hiki kina ganda lenye nta, nacho chaweza kuishi na hata kuzaana ndani ya seli iliyokimeza. Hapo seli mlaji hutoa kemikali iitwayo intalukini-12 ili kuita msaada. Seli nyingine za kinga, ziitwazo seli T, huitikia mwito huo kwa kutoa kemikali ya pili, intaferoni-gama. Kemikali hiyo hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli mlaji na kuipa nguvu ya kukiua kijidudu ilichokimeza. Mwito, itikio na kipokezi, vyote hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Jeni moja ikiwa na kasoro, mnyororo wote waweza kulegea au kukatika.

Ushahidi wa wazi ulipatikana mwaka 1996. Makundi mawili ya watafiti yalieleza habari za watoto wachache, baadhi yao kutoka Malta na mmoja kutoka Tunisia, ambao hawakuwa na kipokezi cha intaferoni-gama kinachofanya kazi. Watoto hao walishindwa hata na vijidudu dhaifu vya jamii hiyo ambavyo havimdhuru mtu wa kawaida. Yule wa Tunisia alizidiwa na vijidudu vya chanjo ya BCG yenyewe. Kasoro ya namna hii ni adimu mno, na mtoto huipata aghalabu pale anapoirithi kwa baba na kwa mama pia.

Ipo kasoro nyingine isiyo adimu kiasi hicho, nayo imo katika jeni iitwayo TYK2. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtu aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hutoa intaferoni-gama kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwamba kwa asili ya Ulaya watu wa namna hiyo ni kama mmoja katika kila 600. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza mifupa ya kale ya Ulaya waligundua kwamba kasoro hiyo imekuwa ikipungua kwa miaka 2,000 iliyopita. Maelezo yao ni kwamba kifua kikuu kiliwaua wengi waliokuwa nayo kabla hawajazaa.

Kuna upande wa pili pia, upande wa wenye kinga imara. Mjini Kampala, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Marekani wamewafuatilia kwa miaka mingi watu wanaoishi nyumba moja na wagonjwa. Baadhi yao, ingawa wamevuta hewa yenye vijidudu kwa muda mrefu, vipimo vya kawaida havioneshi dalili ya maambukizo. Mwaka 2019 ilielezwa kwamba katika damu ya watu hao zimo kingamwili na seli T zinazokitambua kijidudu, ila haziitikii kwa intaferoni-gama kama ilivyotarajiwa. Maana yake ni kwamba walikwisha kukutana na kijidudu, na miili yao ikakikabili kwa njia nyingine. Je, urithi una sehemu gani katika jambo hilo? Hilo ndilo linalochunguzwa.

Mpaka hapa mtu aweza kudhani kwamba majirani wale walisema kweli. Sivyo. Mwanafunzi wa sekondari amezoea mfano wa siko-seli, ambapo jeni moja huleta ugonjwa na, kama A. C. Allison alivyoonyesha Afrika ya Mashariki mwaka 1954, jeni hiyohiyo humkinga na malaria yule aliyerithi nakala moja tu. Kifua kikuu hakifuati kanuni nyepesi kama hiyo. Kwa watu walio wengi zinahusika jeni nyingi, kila moja ikiwa na nguvu kidogo, na nguvu hizo huchanganyika na chakula, makazi, umri, kisukari na Virusi vya UKIMWI.

Mfano wa mapacha unafaa kukumbukwa. Katika uchunguzi uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1950, mapacha wa yai moja waliugua wote wawili mara nyingi zaidi kuliko mapacha wa mayai mawili, na kwa muda mrefu jambo hilo lilichukuliwa kuwa ushahidi mkubwa wa urithi. Lakini takwimu hizohizo zilipochambuliwa upya mwaka 2007, ilionekana kwamba mazingira, hasa ukaribu wa mtu na mgonjwa anayeambukiza, yalikuwa na uzito zaidi kuliko jeni.

Historia nayo inatoa ushahidi wa namna hiyo. Huko Uingereza vifo vya kifua kikuu vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya katikati ya karne ya 19 na ugunduzi wa streptomycin mwaka 1943. Jeni za Waingereza hazikubadilika kwa kiasi hicho katika miaka mia moja. Kilichobadilika ni maisha yao. Nchini Tanzania mambo yalikwenda kinyume: wagonjwa walioandikishwa waliongezeka kutoka kama 12,000 mwaka 1983 hadi zaidi ya 60,000 miaka ya mwanzo ya 2000. Wingi wa watu peke yake hautoshi kueleza ongezeko hilo, na jeni za Watanzania hazikugeuka kwa miaka ishirini. Sababu kubwa ilikuwa UKIMWI.

Wala isisahauliwe jinsi hoja ya urithi ilivyopata kutumiwa vibaya. Katika migodi ya Afrika ya Kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, wapo madaktari waliodai kwamba wachimbaji Waafrika walikufa kwa kifua kikuu kwa sababu ya asili yao. Vumbi la mawe, mabweni yaliyojaa watu na chakula duni havikutajwa sana, maana kuvirekebisha kungewagharimu wenye migodi fedha. Kuilaumu damu ya mtu ni rahisi kuliko kuongeza madirisha.

Je, basi uchunguzi wa jeni hauna faida? La, unayo faida kubwa. Chanjo ya BCG ilianza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921. Huwakinga watoto wachanga na aina kali za ugonjwa, lakini haiwakingi watu wazima vya kutosha. Atakayefahamu kwa nini baadhi ya watu wa Kampala hawashindwi na kijidudu huenda akapata njia ya kutengeneza chanjo bora. Hata hivyo, mgonjwa aliyepo leo hana haja ya kungoja. Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, kwa ushauri wa Dkt. Karel Styblo, haikupima jeni ya mtu hata mmoja. Ilipima makohozi, ikatoa dawa, ikahakikisha kwamba zinamezwa, na wagonjwa wengi mno wakapona. Mpango huo ukawa kielelezo kwa nchi nyingine.

Mwalimu wa biolojia anao uwezo wa kuyaweka mambo haya sawa darasani kwa mfano mmoja. Na awaulize wanafunzi: katika nyumba ya mgonjwa, mke aliyetoka ukoo mwingine aweza kuambukizwa? Na yaya asiye na undugu wowote na wenye nyumba? Jibu ni ndiyo kwa wote wawili, nao hawana hata tone la damu ya ukoo ule. Wanachoshiriki ni hewa. Ndipo mwanafunzi atakapoelewa kwamba mtoto hurithi namna ya kujikinga, ama imara ama dhaifu, lakini ugonjwa wenyewe hurushwa na kikohozi. Akishaelewa hivyo, siku mtu wa nyumbani kwao atakapokohoa kwa wiki mbili mfululizo hatauliza babu alikufa kwa nini. Atamwongoza mgonjwa kwenda zahanati kupimwa, ambako dawa hutolewa bila malipo.