Wasee, Wacheni Kuitesa Prosesa

Tusidanganyane. Ule ushauri wa "rekodi na x264, ndiyo safi" ni wa wenye mashine kubwa.

Mimi narekodi gemu hapa Kisii mjini na laptopu ya mtumba, Core i5. Mwezi jana beshte yangu alipanda matatu kutoka Nyamira tucheze fainali yetu ya eFootball. Nikaweka OBS kwa x264. Prosesa ikabeba kazi mbili, kuendesha gemu na kubana video, ikashindwa zote. Bao lake la dakika ya 89 lilitoka kama picha za mnato. Mpaka leo ananidai hiyo video.

Kumbe tangu 2011 prosesa nyingi za Intel zina sehemu ya kubana video tu, Quick Sync. Nikaichagua kwa OBS, gemu ikateleza.

Najua mtasema: enkoda ya chipu inakula nafasi zaidi kwa ubora uleule. Ni kweli. Dakika 10 kwa megabiti 20 kwa sekunde ni karibu GB 1.5, na bando tunajinunulia. Lakini nani alisema lazima ubane ukicheza? Rekodi na chipu, halafu usiku ukilala uachie HandBrake na x264 kazi, polepole. Kwa megabiti 6, inabaki karibu MB 450.

Faili kubwa utaipunguza kesho. Fremu zikipotea, zimeenda.

Wewe unarekodi na nini?