Johannesburg: kidole kinaona, asiyeona je?



Hapa Johannesburg daladala zinaitwa teksi, na hazina konda. Unasimama kando ya barabara unaonyesha kidole: cha shahada juu, unakwenda mjini, ukikielekeza chini, ni hapa hapa jirani, ukikunja kiganja kama umeshika chungwa, Orange Farm. Dereva anapiga honi, na kama njia ni yake anasimama. Lugha tamu, lakini ni ya wenye macho.

Majuzi nilikuwa Louis Botha Avenue na mzee mmoja asiyeona, fimbo nyeupe mkononi, kidole juu kama sisi wote. Teksi tatu zikampita. Ya nne iliposimama akaniuliza, "Hii ya mjini, au imesimama kwa ajili yako?" Ndani, nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi mbele, na abiria wa kiti cha mbele ndiye mhasibu. Mzee alipoletewa chenji akazipapasa sarafu moja moja.

Mtaniambia ipo Rea Vaya tangu 2009. Ipo, lakini haifiki kila mtaa. Wengi wetu tunapanda teksi. Msanii Susan Woolf alizikusanya ishara hizi, akabuni maumbo yake ya kupapasa kwa ajili ya wasioona, na mwaka 2010 Posta ya Afrika Kusini ikazitoa kwenye stempu. Nampa heko. Ila kujua ishara hakumwambii mzee gari gani limesimama mbele yake. Mzigo umebaki kwa abiria, wakati dereva angefungua mdomo tu aseme "Mjini!" Neno moja, halina gharama. Liwekwe kwenye masharti ya leseni ya njia. (Najua, wenye teksi hawapangiwi kirahisi. Wapangiwe.)

Sasa nyumbani. Sisi sauti tunayo: "Posta! Kariakoo! Mwenge!" Asiyeona wa Dar anapanda daladala kwa sikio, na anayemsaidia ni yule yule konda tunayemwita mhuni. Halafu tunashangilia mji wa kisasa, yaani vibao, kadi na ukimya! Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, mwendokasi tangu 2016. Mimi nitakubali wapiga debe waondoke siku kipaza sauti kinachotaja kituo na njia kitakapokuwa sharti la mkataba kwa kila basi, na kikiharibika mwenye basi atozwe faini kama anavyotozwa kwa breki mbovu. Kabla ya hapo mwacheni konda apige kelele zake.