Disketi ya Marehemu Ni Amana

Sisi watu wa pwani tuna sifa ya kutunza maandishi. Chuo cha Herekali kilichotungwa Pate kina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, na mpaka leo mwenye kuijua hati yake hukisoma bila ya umeme wala fundi. Lakini tenzi na kasida ambazo wazee wetu walizipiga kwa kompyuta katika miaka ya 1980 na 1990 tumeanza kuzipoteza, tena kwa mikono yetu wenyewe.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea disketi saba za marehemu mumewe, maalim aliyekuwa akitunga kwa Macintosh. Moja nikampa kijana wa duka la kompyuta, naye akaitia katika mashine yake ya aina ya IBM. Mashine ikasema disketi haisomeki, ikauliza kama iitengeneze upya. Kijana akakubali. Utenzi ukafutika pale pale, nami nimesimama natazama! Simlaumu yeye peke yake. Mimi ndiye niliyepokea amana.

Wengi tunadhani disketi za inchi tatu na nusu ni zote sawa maadamu zaingia. Kuingia si kusomeka. Macintosh za kwanza, tangu 1984, zilibadilisha mwendo wa kuizungusha disketi: taratibu zaidi ukingoni, upesi zaidi karibu na kati, ili duara za nje zibebe maandishi mengi zaidi. Mashine za IBM ziliizungusha kwa mwendo mmoja tu. Ndiyo maana disketi ya Macintosh ya kilobaiti 400 au 800 ni bubu mbele ya IBM, na hata visomeo vya siku hizi vya kuchomeka kwa USB haviiwezi.

Mkalimani yupo. Kuanzia 1988 Macintosh zilianza kutiwa kisomeo kinachozijua disketi zao za zamani na pia zile za IBM za kilobaiti 720 na megabaiti 1.44. Mwenye mashine kama hiyo, na programu ya kutambua disketi za IBM, anaweza kunakili kutoka hii hadi ile. Lakini kwanza afungue kile kidirisha kidogo cha pembeni cha disketi ya marehemu, kwani kikiwa wazi mashine haiwezi kuandika wala kufuta. Kisha ayahifadhi maandishi kama maandishi matupu, kwani programu ya upande wa pili huenda isiielewe ile iliyotumika kuyaandika. Kiswahili cha herufi za Kirumi huvuka salama. Kasida za herufi za Kiarabu ni shughuli nyingine, maana Macintosh na IBM zilizipa herufi hizo nambari mbalimbali, na mtu asipozigeuza ataona vijialama visivyo na maana. Hizo afadhali zipigwe chapa kwenye karatasi katika mashine ile ile ya asili.

Wako wanaocheka wakiona mtu ameweka kompyuta kuukuu, wakasema inakula nafasi bure. Mimi naona madrasa na misikiti ya mji mmoja ingeshirikiana kuweka japo moja nzima, ikatumiwa na kila familia yenye kisanduku cha disketi kabatini. Unyevu wetu wa pwani haumngoji mtu.

Zile sita zilizobaki nilizipitisha kwa njia hiyo. Tano zilitoa kilichomo, ya sita ilikwisha kuota ukungu. Mama yule bado aniuliza ile iliyofutwa ilikuwa na utenzi gani. Juu yake maalim alikuwa ameandika nambari tu.