Bukavu: Wenye butiki waweke nafasi ya mbwa nje, waache mawe

Asubuhi mapema katika komini ya Kadutu, mtoto anatumwa mkate. Akitoka tu kwenye kiwanja, mbwa wa pale nyumbani anamfuata. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyemfunga. Wanafika butiki pamoja, na hapo fujo inaanza: mwenye butiki anapiga kelele, mama mmoja anaruka nyuma na beseni yake, kijana wa kubeba mizigo anaokota jiwe. Mbwa anakimbia hatua chache kisha anarudi, kwa sababu mtoto wake bado yuko ndani. Jiwe la pili linarushwa.

Hata Ibanda, ambako wenye pesa wanateremka garini na mbwa wao, kelele zipo. Tofauti ni kwamba mbwa wa kwenye gari hatupiwi jiwe. Mwenye magazini anatabasamu na kungoja dola, mbwa ananusa rafu za chini. Kama mbwa ni shida kwenye chakula, ni shida hata akiwa na mkanda wa ngozi shingoni.

Na kweli ni shida. Butiki nyingi za Bukavu ni chumba kimoja tu. Gunia la unga wa mihogo liko wazi chini, sambaza kavu ziko kwenye beseni karibu na mlango, mikate iko kwenye katoni. Mbwa akipitisha pua pale, wateja wawili watatu wanaondoka bila kununua, na mwenye butiki hana namna ya kuwalaumu. Mwenye butiki Mwislamu ana sababu zaidi, kwa maana mate ya mbwa kwake ni najisi. Kuna pia wateja waliowahi kuumwa utotoni na hawawezi kusimama na mbwa mahali pamoja. Basi mbwa abaki nje, wa maskini na wa tajiri sawasawa.

Lakini kubaki nje si kupigwa mawe. Mbwa aliyepigwa mlangoni hamuumi aliyempiga. Huyo amekwisha kurudi nyuma ya meza yake. Anamuuma aliye karibu, na aliye karibu na mlango wa butiki saa za asubuhi ni mtoto. Hapo ndipo mambo yanakuwa mazito. Kichaa cha mbwa, kile wengi wanaita raje, kinaua watu karibu 59.000 kila mwaka duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na kati ya watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wasiofikisha miaka 15. Dalili zikishaonekana, hakuna dawa ya kumponyesha mgonjwa.

Mwenye butiki anaweza kufanya nini, basi? Apige msumari mkubwa au pete ya chuma kwenye nguzo, mbali kidogo na mlango, upande ambao wateja hawapiti na penye kivuli. Akate bidoni ya zamani katikati na kuweka maji humo. Maji yanatafutwa kwa shida Kadutu, hilo linajulikana, lakini kikombe kimoja kinatosha. Aandike kwenye kipande cha katoni: mbwa wafungwe hapa. Na mteja aliyekuja na mbwa auziwe haraka, hata kupitia dirishani, maana mbwa anayengoja sana ndiye anayebweka na kuvuta kamba.

Awe pia na kipande cha sabuni tayari. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku ileile kuulizia chanjo. Si kubandika jiwe jeusi. Si kupaka mafuta na kungoja kuona.

Wengine watasema ukiweka pete, mbwa wa kartie nzima watahamia pale. Wale wanaozurura hawafuati pete. Wanafuata mifupa inayotupwa na wachoma nyama jioni pembeni ya butiki, na mwenye butiki ambaye ana wachomaji kama hao kibarazani kwake aanze na hilo.

Sehemu kubwa ya lawama, hata hivyo, ni ya wenye mbwa. Bukavu watu wengi wanafuga mbwa kwa ajili ya wezi. Wanamnyima chakula na kumchapa ili awe mkali usiku, kisha asubuhi wanafungua mlango aende kujitafutia. Huyohuyo aliyefundishwa kurukia kila mgeni anatazamiwa kutulia mbele ya butiki yenye watu kumi. Mwenye butiki hawezi kurekebisha hayo kwa bidoni ya maji, na ana haki ya kumkataa kabisa mbwa mkali, hata kama ni wa jirani yake. Mbwa apate chanjo, na karatasi yake itunzwe nyumbani. Kumtuma mtoto wa miaka saba na mbwa mkubwa si kazi ya mtoto: mbwa akivuta, mtoto anaburutwa.

Shefu wa avenue naye anaweza kusaidia. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ni nafasi ya kuita wenye butiki na wenye mbwa mahali pamoja, pamoja na veterinere, wakubaliane mbwa wafungwe wapi kwenye kila avenue. Asiyekuwa na kamba hatahitaji kwenda mbali. Inauzwa kwa mita ndani ya butiki hizohizo, kando ya kandambili.