Hina Mpaka Kwapani, Fizi Zinavuja Damu

Leo nimekuja na ugomvi, mnivumilie.

Juzi kaja bibi harusi dukani kujaribu gauni. Singo anafanyiwa, piko na hina kashaagiza, udi mpaka kwenye nywele. Nikamwambia acheke nione gauni linavyomkaa na uso, naona damu kwenye meno. "Kawaida hiyo, dada, kila nikipiga mswaki inatoka." Na somo yake yupo pembeni anaitikia!

Kawaida ya nani? Mkono ungekutoka damu kila asubuhi ungesema kawaida? Fizi nzima haivuji. Inayovuja imevimba, chini yake mna ukoga na vijidudu, na ukitafuna tu vinapata njia ya kuingia kwenye damu. Damu inapita wapi? Moyoni. Madaktari wameona kuwa wenye ugonjwa mkubwa wa fizi wanapata zaidi maradhi ya moyo. Sisemi fizi ndiyo inayoyaleta, hilo halijathibitishwa, na sigara na kisukari vinaharibu kote kuwili. Lakini kwa mwenye valvu mbovu hapana mjadala: vijidudu vya kinywani vinaweza kukaa pale vikaila. Na wangapi kwetu waliumwa koo na viungo utotoni wakabaki na moyo mbovu bila kujua? Mdogo wangu ni mmoja wao. Alilazwa wiki nyingi, sindano kutwa kucha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia asukutue maji ya chumvi tu, itakatika.

Wanaosugua makaa na ndimu ili meno yawe meupe ndio wananimaliza kabisa. Jino unalikwangua, fizi unaiacha inaoza. Ukoga ukishakuwa mgumu hautoki kwa mswaki wala kwa karafuu, unatolewa na daktari wa meno. Nilipokwenda mimi nililipa pungufu ya ninavyotoza kutia ushanga gauni moja. Na nendeni kabla ya harusi, maana mimba huzidisha fizi kuvimba.

Mtume (SAW) katuhimiza mswaki kiasi cha kukaribia kutuamrisha kila sala, sisi tunauona ni wa wazee wa msikitini.

Yule bibi harusi nimemwambia gauni halitoki dukani mpaka aende. Kanuna. Harusi Ijumaa ya pili hii, na gauni bado limening'inia hapa.